Intel au AMD: Mdahalo Kuhusu Kinachojaa Madukani na Kinachofaa Kununuliwa

Karibu kila kompyuta mpakato inayotumia Windows huendeshwa na prosesa ya kampuni moja kati ya mbili za California: Intel, iliyoanzishwa mwaka 1968, na AMD, iliyoanzishwa mwaka 1969. Prosesa za kampuni zote mbili hufuata mfumo mmoja wa amri, uitwao x86, kwa hiyo programu ile ile hufanya kazi kwenye mashine ya Intel na ya AMD bila kubadilishwa. Tofauti anazoziona mtumiaji ni kasi, joto, muda wa betri, grafiki na bei. Anapoingia dukani, hata hivyo, hukutana kwanza na tofauti nyingine: mashine za Intel zimejaa, na za AMD aghalabu ni chache, za aina moja au mbili, au hazipo kabisa.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa mada ya mdahalo huu: "Prosesa iliyojaa madukani ndiyo bora kwa mnunuzi." Sauti ni tatu. Mtetezi anaunga mkono mada na kusimama upande wa Intel. Mpinzani anaipinga na kusimama upande wa AMD. Mfanyabiashara, anayeagiza na kuuza rejareja, anaeleza jinsi mzigo unavyofika dukani na kwa nini mwingine haufiki.

Asili ya ushindani

MTETEZI: Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wingi wa Intel ni matunda ya kazi ya miaka mingi. Mwaka 1978 kampuni hiyo ilitoa prosesa ya 8086, na mwaka 1981 IBM ikaichagua 8088, ya ukoo huo huo, kwa kompyuta yake binafsi ya kwanza. Watengenezaji wengine wakaiga muundo wa IBM, na kila aliyeiga alihitaji prosesa ya aina hiyo. Mwaka 2003 ikaja Centrino, iliyouza kwa pamoja prosesa ya Pentium M, chipu zake saidizi na Wi-Fi. Kompyuta mpakato ikapungua uzito, betri ikadumu zaidi, na mtumiaji akaunganishwa na mtandao bila waya. Aliyelijenga soko hana deni la kueleza kwa nini anaonekana ndani yake.

MPINZANI: Historia hiyo imekatwa kati, ndugu mtetezi. IBM haikutaka kutegemea muuzaji mmoja. Ilidai awepo mtengenezaji wa pili, na kwa sababu hiyo Intel na AMD zikaingia mkataba wa kubadilishana teknolojia mwaka 1982. Prosesa ya 386 ilipotoka mwaka 1985, Intel ilikataa kumpa mwenzake usanifu wake. Mgogoro ukaenda kwa wasuluhishi na mahakamani kwa miaka mingi, na AMD ikaingia sokoni na Am386 yake mwaka 1991. Wala AMD haikubaki kuwa mwigaji. Mwaka 2003 ilitoa Opteron na Athlon 64, zilizoipanua x86 kutoka biti 32 hadi biti 64 bila kuzitupa programu za zamani. Intel ilikuwa imeweka matumaini yake kwenye Itanium, iliyotumia mfumo mwingine wa amri. Mwaka 2004 ikaanza kuufuata upanuzi wa AMD. Windows ya biti 64 inayofanya kazi leo ndani ya mashine ya Intel inategemea amri zilizobuniwa na AMD. Kama chema kingejiuza chenyewe, rafu za miaka ile zingebadilika zaidi ya zilivyobadilika.

MTETEZI: Athlon 64 iling'ara kwenye kompyuta za mezani. Kwenye kompyuta mpakato kipimo kikuu kilikuwa betri, na hapo Pentium M ilishinda. Aliyenunua Centrino hakudanganywa.

Fedha zilizo nyuma ya rafu

MPINZANI: Swali halikuwa la betri peke yake. Tarehe 13 Mei 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya yuro bilioni 1.06. Kwa mujibu wa uamuzi huo, Intel ilitoa punguzo kwa Dell, HP, Lenovo na NEC kwa sharti la kununua kwake prosesa zote au karibu zote. Kampuni ya Media Saturn, mmiliki wa maduka ya MediaMarkt, ilipokea malipo kuanzia Oktoba 2002 hadi Desemba 2007 kwa sharti la kuuza kompyuta za Intel tu. Tume ilieleza pia kwamba Acer ililipwa ili iahirishe kompyuta mpakato yenye AMD kutoka Septemba 2003 hadi Januari 2004, na Lenovo ikaahirisha za kwake kutoka Juni 2006 hadi mwisho wa mwaka huo. HP iliwekewa mipaka kuhusu nani auziwe kompyuta zake za ofisi zenye AMD, na kwa njia ipi. Mnunuzi aliyeingia duka la MediaMarkt miaka hiyo hakuona AMD ikishindwa. Hakupewa nafasi ya kuiona.

MTETEZI: Kesi hiyo haikuishia hapo. Januari 2022 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliifuta faini, kwa sababu Tume haikuthibitisha ipasavyo kwamba mapunguzo yale yangeweza kumfungia mlango mshindani mwenye ufanisi sawa na wa Intel. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikauthibitisha uamuzi huo. Punguzo kwa anayenunua kwa wingi ni desturi ya biashara ya jumla kila mahali.

MPINZANI: Kilichofutwa kilihusu mapunguzo, yakiwemo malipo kwa Media Saturn. Malipo ya kuahirisha na kuzuia bidhaa kwa HP, Acer na Lenovo hayakusafishwa. Septemba 2023 Tume iliyatoza faini upya, takriban yuro milioni 376. Kabla ya hapo, Novemba 2009, Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza mashauri kati yao. Na hata bila hukumu yoyote, nguvu ya punguzo inaonekana katika tukio moja ambalo Tume ililieleza: AMD ilimpa mtengenezaji mmoja prosesa milioni moja bila malipo, naye akachukua 160,000 tu. Kama angezipokea zote, angepoteza punguzo la Intel kwenye mamilioni ya prosesa alizozihitaji bado, na hasara ingezidi thamani ya zawadi. Bidhaa ya bure iliposhindwa kupita, mada inayosema kwamba wingi huonyesha ubora inakosa pa kusimama.

MFANYABIASHARA: Duka la rejareja halikai meza moja na wakubwa hao, lakini matokeo hulifikia. Mwaka 1991 Intel ilianzisha kampeni ya "Intel Inside", ambapo mtengenezaji aliyeweka nembo hiyo kwenye tangazo lake alirudishiwa sehemu ya gharama. Zaidi ya miaka 30 baadaye mteja anaingia dukani akiuliza, "Kuna i5?" Anaitaja prosesa kwa jina la familia ya Intel hata kabla hajasema anataka mashine ya kazi gani. Mwenye duka aliyenunua mzigo kwa mkopo hununua kinachotoka haraka. Mashine isiyotajwa na wateja hukaa kwenye rafu, na kila mwezi inapokaa bei yake inashuka kwa sababu toleo jipya linaingia. Uchache wa AMD hapo ni hofu ya kufungiwa mtaji.

Uwezo wa viwanda

MTETEZI: Kuna sababu nyingine isiyo na hila yoyote. Kwa miongo mingi Intel ilitengeneza prosesa zake katika viwanda vyake yenyewe, na mtengenezaji wa kompyuta aliyehitaji mamilioni ya chipu kwa wakati alijua pa kuzipata. AMD ilijitenga na viwanda vyake mwaka 2009, vikawa kampuni ya GlobalFoundries kwa fedha za serikali ya Abu Dhabi. Baadaye ikahamishia chipu zake za hali ya juu kwa TSMC ya Taiwan, inakopanga foleni pamoja na wateja wengine wakubwa. Mwaka 2020 ilitoa Ryzen 4000 za kompyuta mpakato, na sifa zake zilikuwa za haki. Lakini katika kipindi hicho hicho mashine za michezo za PlayStation 5 na Xbox Series X, zote zikitumia chipu za AMD, zilihitaji uwezo ule ule wa TSMC, na prosesa za seva za EPYC pia. Kompyuta mpakato zikagombea kilichobaki. Mnunuzi hawezi kutumia prosesa iliyosifiwa ambayo haipatikani.

MPINZANI: Kumiliki viwanda nako hakukuikinga Intel. Mwaka 2018 na 2019 ilishindwa kukidhi mahitaji, kwa kuwa teknolojia yake ya nanomita 10 ilichelewa na viwanda vya nanomita 14 vikaelemewa. Ikatanguliza prosesa za seva na za bei ya juu, na kompyuta za bei nafuu zikakosa chipu. Watengenezaji waliokuwa wakisita wakaigeukia AMD, na ndipo Ryzen, iliyokuwa imetoka mwaka 2017 chini ya mkurugenzi mkuu wa AMD, Lisa Su, ikaanza kuonekana kwenye miundo mingi zaidi. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilipotoa Core Ultra 200V, sehemu kuu ya chipu hiyo ilitengenezwa na TSMC.

MFANYABIASHARA: Hoja zote mbili hukutana kwenye mzigo. Mtengenezaji anapopata chipu chache, huzipeleka kwanza kwenye masoko makubwa, Marekani, Ulaya na China, na kwenye miundo yenye faida kubwa. Soko dogo hupokea miundo michache iliyochaguliwa na msambazaji. Kwa hiyo mashine ya AMD iliyosifiwa sana Ulaya inaweza isiagizwe kabisa na msambazaji wa Afrika Mashariki, na badala yake ikaja ya daraja la chini ya jina hilo hilo la Ryzen. Mteja akiijaribu hiyo, anaihukumu kampuni nzima kwa mashine dhaifu.

Mashine yenyewe

MPINZANI: Zikilinganishwa mashine zenyewe, AMD ina hoja nzito. Ryzen 4000 zilileta viini (cores) vinane kwenye kompyuta mpakato nyembamba wakati washindani wao wa Intel wa daraja hilo walikuwa na vinne au, mara chache, sita. Mwaka 2022 Ryzen 6000 ziliweka ndani ya prosesa grafiki za usanifu wa RDNA 2, ambazo zilitosha michezo na uhariri wa video bila kadi ya ziada kwa kiwango kisichozoeleka kwa mashine za daraja lake.

MTETEZI: Intel nayo ina yake. Thunderbolt, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Apple na kuingia sokoni mwaka 2011, ilizipa mashine zake njia moja ya kupitisha data, picha na umeme. AMD ilisogea karibu baada ya USB4 kujengwa juu ya Thunderbolt 3. Kuanzia kizazi cha 12, Intel ilichanganya viini vya nguvu na viini vya kubana umeme katika prosesa moja. Na Core Ultra 200V zilirudisha Intel kwenye ushindani wa betri.

MFANYABIASHARA: Madai hayo ni kweli, kila moja kwa kizazi chake. Mteja huumia pale jina linapokuwa kubwa na kilichomo ni kidogo, na kampuni zote mbili zina lawama hapo. Upande wa AMD, Ryzen 5 5500U na Ryzen 5 5600U zinaonekana kama majirani, kumbe ya kwanza imejengwa kwa usanifu wa Zen 2 na ya pili kwa Zen 3. Ryzen 5 7520U ina namba ya elfu saba na viini vinne vya Zen 2, usanifu wa mwaka 2019. Upande wa Intel, i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili, na i5-8250U iliyofuata mwaka 2017 ina vinne. Anayenunua i7 kwa heshima ya namba saba anaondoka na mashine dhaifu kuliko ya jirani yake mwenye i5. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni ya kubana umeme, H ni ya nguvu na joto zaidi.

MPINZANI: Na prosesa nzuri inaweza kuharibiwa na mashine iliyojengwa kwa kubania. Grafiki za ndani hukopa RAM ya kompyuta. RAM ikiwa kipande kimoja, njia ya data hupungua nusu, na grafiki za AMD hudhoofika sana.

MTETEZI: Hapo pande zote ni sawa. Hata Iris Xe, grafiki ya ndani ya Intel, huhitaji njia mbili za RAM. Zikikosekana, mfumo huionyesha kama UHD ya kawaida. Jambo hilo linahusu aliyejenga mashine kuliko aliyetengeneza prosesa.

Mzigo wa Afrika Mashariki

MFANYABIASHARA: Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi na mitaa mingine ya kompyuta huuza mizigo ya aina mbili. Ya kwanza ni mashine mpya, nyingi zikipitia Dubai au kwa msambazaji rasmi. Ya pili ni mashine zilizotumika, ambazo wengi nchini Kenya huziita "ex-UK": Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotolewa na ofisi za Ulaya na Marekani baada ya miaka michache ya kazi. Mzigo huu wa pili unafuata maamuzi ya watu wa mbali. Ofisi ya London iliponunua EliteBook 840, ambayo ni ya Intel, badala ya EliteBook 845, ambayo ni ya AMD, iliamua bila kujua kitakachokuwa kwenye meza ya muuzaji wa Nairobi miaka mitano baadaye. Ofisi nyingi zilinunua Intel, na meza hizo zimejaa Intel. AMD zilizouzwa kwa ofisi tangu Ryzen ishike kasi zinaendelea kuingia kadiri zinavyotolewa kazini.

MTETEZI: Hiyo ni faida kwa mnunuzi. Mashine iliyojaa sokoni ina mafundi wanaoijua na spea zinazopatikana. Kwa mwanafunzi wa Mwanza au mwandishi wa Bujumbura, kompyuta inayotengenezeka ina thamani kuliko ile yenye kasi kidogo zaidi.

MPINZANI: Spea zinazoharibika mara nyingi ni chaja, betri, kioo, kibodi na diski. Hizo hufuata muundo wa mashine, hazifuati prosesa. ThinkPad T14 ya Intel na ya AMD za kizazi kimoja zinashirikiana sehemu nyingi za nje. Kinachotofautiana ni ubao mama, na prosesa imechomelewa humo kwa pande zote mbili.

MFANYABIASHARA: Ni kweli, ila ubao mama wa AMD ndio unaochelewa kupatikana ukifa, kwa kuwa mashine mbovu za kunyofolewa spea bado ni chache. Mteja aambiwe hivyo mapema. Lakini hatari kubwa zaidi ya mzigo huu iko kwenye umri. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huikubali Intel kuanzia kizazi cha 8. Ile i7-7500U imeachwa nje, i5-8250U imeingia. Kwa AMD, Ryzen 5 3500U ya mwaka 2019 imo kwenye orodha. Mashine nyingi za bei ya kutupa zinazomwagwa sasa ni zile zilizotupwa na ofisi kwa sababu hiyo hiyo.

Uamuzi

Mada haikusimama. Wingi wa Intel madukani umetokana na mambo mengi kwa pamoja: kutangulia, uwezo wa viwanda, matangazo, mapunguzo, maamuzi ya ofisi za mbali na hofu ya wenye maduka kufungiwa mtaji. Ubora umo katika orodha hiyo, lakini ni jambo moja kati ya mengi, na umehama kutoka kampuni moja hadi nyingine zaidi ya mara moja tangu mwaka 2003. Upande wa Mtetezi una haki katika jambo moja zito: upatikanaji ni sehemu ya thamani ya mashine, hasa pale ubao mama unapokufa mbali na mji mkubwa.

Mnunuzi basi na aanze na kazi anayoitaka, kisha aulize kwa mpangilio huu: namba kamili ya prosesa pamoja na kizazi na herufi yake, kiasi cha RAM, kama ni vipande viwili, na kama kinaweza kuongezwa, hali ya betri, kama Windows 11 inakubalika rasmi, na waranti au fundi anayeweza kuishughulikia mashine hiyo. Baada ya majibu hayo, mashine mbili zikilingana, achukue ya bei nafuu. Jina la Intel au AMD lije mwisho. Wenye maduka nao wana wajibu: waandike namba kamili ya prosesa kwenye kila bei, badala ya "i5" au "Ryzen 5" tupu, kwa sababu mteja hawezi kuchagua asichoonyeshwa.